Kushuti muvi ya askari farasi waliokufa kiu, tambarare za Longido

Ukitaka muvi ya askari farasi wa Marekani bila kusaka wazungu arobaini Arusha nzima, chukua kisa cha Julai 1877. Kampani A ya Kikosi cha 10 cha Farasi, wanajeshi weusi chini ya Kapteni Nicholas Nolan, walipotea kwenye nyanda za Llano Estacado, Texas, wakakaa saa 86 bila maji. Walikufa askari 4 na raia 1. Wazungu wa lazima ni kapteni na luteni wake. Wawindaji wa nyati waliofuatana nao waonyeshwe kwa mbali, kofia zimeshushwa.

Llano Estacado si jangwa la vilima vya mchanga. Ni nyasi kavu, bapa, mpaka macho yachoke, na ndiyo maana tambarare za kuanzia Engikaret kuelekea Longido zinafaa. Kinachosumbua ni milima: Meru iko nyuma yako, Longido mbele, na Kilimanjaro hujitokeza asubuhi bila kualikwa. Weka kamera juu ya paa la gari, tumia lenzi ndefu ya mm 135 au zaidi, inamisha mpaka ardhi ijaze fremu. Migunga yenye vichwa bapa inaumbua kuliko hata mlima, kwa hiyo kagua eneo siku moja kabla.

Vibali viwili usivikwepe: cha Bodi ya Filamu na cha serikali ya kijiji. Bunduki za mbao nazo zitolewe taarifa kituo cha polisi cha karibu, wasije wakazikuta barabarani ndani ya pikapu.

Bajeti yote inaliwa na farasi. Kodi 6, basi. Wapitishe mbele ya kamera mara tano, kila mara ukibadilisha kofia, mpangilio na blanketi, kisha unganisha; vumbi litakusaidia kudanganya. Farasi mmoja kwenye joto hunywa lita 40 hadi 50 kwa siku, kwa hiyo beba mapipa 2 ya lita 200 na ndoo za kutosha. Watu 15 wanahitaji madumu 4 ya lita 20. Kamwe usimnyime farasi maji ili aonekane amechoka. Weka ndoo ya pumba chini ya fremu, atainamisha kichwa mwenyewe, na povu la kifuani ni ute wa yai uliopigwa. Mwenye farasi akitaka warudi bandani kabla jua halijazama, usibishe: visubi wa jioni ndio wanaoeneza ugonjwa hatari wa farasi wa Afrika. Panga sini za farasi kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi, za watu peke yao saa 10 hadi saa 12 jioni. Mchana jua likiwa utosini, ukingo wa kofia unafunika macho yote. Huo ni muda wa kwato, midomo na chupa tupu.

Sare zitoke mitumba, soko la Kilombero la Arusha au Memorial ya Moshi: shati la kijivu au bluu nzito, suruali ya bluu mpauko. Mstari wa njano pembeni mwa suruali ni inchi 1 kwa sajenti, nusu inchi kwa koplo, askari wa kawaida hana. Fundi cherehani atakushukuru. Tandiko la McClellan la enzi hizo lina mwanya katikati, la kukodi halina. Lifunike kwa blanketi la kijivu.

Sasa kiu yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Mwigizaji anamwagiwa jasho la gliserini mpaka sini ya mwisho. Kiu haiendi hivyo. Siku ya kwanza jasho ni sawa, gliserini na maji nusu kwa nusu. Siku ya pili loweka mgongo na kwapa za shati kwenye maji ya chumvi nyingi, lianike: litaacha ramani nyeupe. Siku ya tatu uso uwe mkavu kabisa. Chana tishu ya tabaka moja, ibandike mdomoni kwa gundi ya kope, ikikauka ivunje kwa kidole. Ijaribu kwanza mkononi, kuna ngozi zinazoikataa. Vumbi la usoni liwe udongo wa hapo hapo uliochekechwa. Simenti ina rangi nzuri, lakini inaunguza macho.

Askari wale walifikia kunywa damu ya farasi wao. Asali, rangi nyekundu ya chakula na kijiko cha kakao hutoa damu nzito, inayokataa kumiminika, na mwigizaji anaweza kuimeza.

Chupa ya maji nayo iwe na ukweli. Iliyojaa pomoni haichezi, ya nusu inachakarika, tupu inaning'inia nyepesi ikigonga paja. Mpe mwigizaji chupa yenye uzito halisi wa kila sini. Mkono wake utaigiza wenyewe.

Upepo wa Longido utakula sauti, basi kwato zirekodi nyumbani: vifuu viwili vya nazi kwenye sinia la mchanga, na gunia chini yake.