Habré cenado: wakati ujao timilifu wa Kihispania

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuiogopa futuro perfecto, yaani wakati ujao timilifu. Ukisema "saa mbili usiku nitakuwa nimeshakula", umeshaijenga: kitenzi cha kwanza kimebeba wakati ujao, cha pili kinasema jambo limekwisha. Mhispania naye: A las ocho ya habré cenado. Neno "ya" katika sentensi hiyo ndilo -sha- yetu. (Na ndiyo, saa mbili yetu ni ocho yao. Msichanganye, mtachelewa!)

Hatua ya 1. Chukua haber, kitenzi kisaidizi, katika wakati ujao: habré, habrás, habrá, habremos, habréis, habrán. Zote zina alama ya mkazo isipokuwa habremos. Habréis ni ya Hispania. Amerika ya Kilatini wanasema ustedes habrán.

Hatua ya 2. Ongeza participio, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha jambo limekwisha: hablar (kusema) – hablado, comer (kula) – comido, vivir (kuishi) – vivido. Wakaidi, wasiofuata mtindo huo, ni hawa: hecho, dicho, visto, escrito, puesto, vuelto, abierto, roto, muerto. Wakariri kwa sauti, maana utakutana nao kila siku.

Hatua ya 3. Usiingize neno katikati. Kanushi na viwakilishi hutangulia: No lo habré terminado para el viernes, sitakuwa nimeimaliza kufikia Ijumaa.

Tumizi la pili wengi hulisahau, nalo ndilo linalosikika sana mitaani: kukisia. Juan hapokei simu? Se habrá dormido. Atakuwa amelala. Hapo hatuzungumzii kesho hata kidogo, na Kiswahili kinafanya vilevile.

MASWALI

— Mwalimu, naweza kusema "Cuando llegarás, ya habré salido"?
Hapana. Jambo ambalo bado halijatokea, likifuata cuando, linataka subjuntivo, umbo la kitenzi la jambo lisilo hakika: Cuando llegues, ya habré salido, utakapofika nitakuwa nimeshaondoka.

— Kwa kuwa María ni mwanamke, si iwe "habrá llegada"?
Habrá llegado (atakuwa amefika), awe María au Pedro. Participio ikishafuata haber haibadiliki. Ikifuata estar (kuwa katika hali fulani) ndiyo inabadilika: la puerta está abierta, mlango uko wazi.

— Sasa nitajuaje kama mtu anakisia au anaongelea siku zijazo?
Tafuta neno la wakati. Para mañana habrán llegado: kufikia kesho watakuwa wamefika. A estas horas ya habrán llegado: saa hizi watakuwa wameshafika, nadhani tu. Pasipo neno la wakati, sikiliza swali lililotangulia.