Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaliacha Jiko Peke Yake

Nyumba nyingi zinazoungua kwa sababu ya jiko haziungui mpishi akiwa amesimama mbele ya sufuria. Zinaungua akiwa sebuleni, akiwa anaoga, akiwa amelala, au akiwa ameshafunga mlango na kuondoka huku akiamini kwamba jiko amelizima. NFPA, shirika la Marekani linaloshughulikia kinga dhidi ya moto, limekuwa likilisema hilo kwa miaka mingi: kupika ndiko kunakoongoza kwa kuanzisha moto wa majumbani nchini humo, na sababu kubwa ni jiko kuachwa bila mtu. Mimi nimeliona likitokea nyumba ya pili kutoka kwetu. Nitafika huko, lakini kwanza tumalize yale mepesi.

Ukiwa unakaanga, usitoke jikoni. Ukiitwa, zima kwanza ndipo uitikie. Ukiwa unachemsha kitu cha muda mrefu unaweza kukaa chumba cha pili, ila weka kengele ya simu, na utoke na mwiko mkononi. Mwiko ukiwa mkononi huwezi kusahau kwamba kuna kitu umebandika.

Ondoa karibu na jiko kila kinachoshika moto: taulo, karatasi, mifuko ya plastiki, chupa za mafuta. Pazia la dirisha lililo juu ya jiko liondoe kabisa. Usilifunge fundo, fundo hufunguka. Mikono mipana ya nguo ikunje kabla hujawasha. Mipini ya sufuria ielekee ukutani, mtoto asiifikie.

Usibandike chochote ukiwa umechoka mno, umelewa, au umemeza dawa inayoleta usingizi. Mtu anarudi usiku ana njaa, anabandika sufuria, anajinyoosha kidogo kwenye kochi. Maji yanakauka, chakula kinaungua, nyumba inajaa moshi, naye haamki. Usitegemee harufu ya moshi ikuamshe. Ndani ya moshi kuna hewa yenye sumu inayomzidishia mtu usingizi mpaka apoteze fahamu. Kwa hiyo tafuta king'ora cha moshi. Kiweke kwenye ukumbi kati ya jiko na vyumba vya kulala, si juu ya jiko lenyewe ambako kitalia kwa kila mvuke mpaka ukichoke. Kijaribu kila mwezi, na betri yake usiitoe kuweka kwenye rimoti ya televisheni.

Mafuta ya kupikia yanahitaji maneno zaidi. Mengi huanza kutoa moshi yakifika nyuzi joto 200 au kupita kidogo. Huo moshi mwembamba ndio onyo lako la mwisho: zima. Yakiachwa yaendelee kupanda hadi kama nyuzi 350 na zaidi, yanajiwasha yenyewe hata kama hakuna mwali ulioyagusa, na kwenye jiko lenye moto mkali hilo ni suala la dakika. Yakishawaka, zima jiko, chukua mfuniko, usukume juu ya kikaango ukianzia upande wako, kisha uuache hapo mpaka kipoe kabisa. Ukifunua mapema kuangalia, hewa inaingia na moto unarudi.

Maji usithubutu. Maji huchemka kwa nyuzi 100 na ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama chini yake na kugeuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji inatoa mvuke wa takriban lita 1,700, na mvuke huo unayarusha mafuta yanayowaka hadi darini na usoni kwako. Wala usikibebe kikaango kukikimbiza nje. Kitakumwagikia njiani, na ukishakiangusha umeuhamishia moto sebuleni.

Kwenye gesi, hatari kubwa inaanza pale mwali unapozimika bila wewe kuuzima. Sufuria inafurika, maji yanaua moto, kitufe bado kiko wazi. Upepo wa dirishani unafanya hivyo hivyo. Kuna na hili: gesi inaisha katikati ya upishi, mpishi anaondoka bila kurudisha kitufe, kesho yake mtu mwingine anakuja kufunga mtungi mpya, na gesi inatoka kimya kimya kupitia kichomeo kilichoachwa wazi tangu jana. Kabla ya kubadilisha mtungi, pitia vitufe vyote kwa mkono, kimoja kimoja. Majiko mengi ya siku hizi yana kifaa kinachofunga gesi chenyewe mwali ukifa. Ya zamani mengi hayana. Ukienda kununua, ulizia hilo kabla ya kuulizia rangi.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya makabati na kwenye mashimo, na ikifika kiasi cha asilimia 2 ya hewa ya hapo inatosha kulipuka kwa cheche moja. Gesi asilia inayokuja kwa bomba ni nyepesi, hupanda juu. Zote mbili kwa asili hazina harufu ya kumshtua mtu. Ile harufu mbaya huongezwa makusudi ili zikivuja ujue. Basi ukiisikia, iheshimu. Usiwashe taa, na iliyokwisha kuwaka usiizime, maana swichi hutoa cheche ikiwashwa na ikizimwa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu, simu ukaipigie nje. Mpira na regyuleta uvikague kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Usiku ukimaliza kupika, funga kwenye mtungi wenyewe, si kwenye kitufe cha jiko peke yake.

Sasa lile ambalo wengi hawalifikirii mpaka liwakute: umeme kukatika jiko likiwa limewashwa.

Jirani yetu alikuwa akipikia jiko la umeme la koili mbili. Asubuhi hiyo sufuria ikiwa motoni, umeme ukakatika. Akasubiri. Kila akipita alizungusha kitufe huku na huku kuona kama umerudi. Watu wengi hufanya hivyo, na hapo ndipo penye mtego. Umeme ukiwa haupo, kile kitaa kidogo chekundu hakiwaki na koili haipati moto, kwa hiyo kitufe kikibaki kwenye namba yoyote hakuna kitakachokuambia. Alipochoka kusubiri aliipua sufuria, akaosha vyombo, na kwa kuwa meza ilikuwa imejaa na jiko limepoa, akaweka juu yake beseni la plastiki lenye vyombo vilivyooshwa na kulifunika kitambaa. Akafunga mlango, akaenda kumwona mgonjwa.

Umeme ulirudi mchana. Redio zikaanza kusikika kila nyumba, watu wakakimbilia kuchaji simu. Baadaye kidogo ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Kila aliyeisikia alidhani kuna mtu anachoma taka mahali, na hakuna aliyetoka kuangalia. Tulipotoka, moshi mweusi ulikuwa ukimiminika kutoka juu ya dirisha la jiko lake.

Mlango umefungwa, funguo anazo mwenyewe, madirisha yana nondo. Vijana wakaja na ndoo. Wa kwanza alikuwa ameshainua yake aimwage kupitia dirishani, mzee mmoja akamfokea: "We, umeme bado upo humo!" Hapo ikaanza kazi ya kuuliza mainswichi iko wapi. Watu tuliokuwa tukiishi ukuta kwa ukuta, tunaoazimana chumvi, na hakuna hata mmoja aliyejua umeme wa nyumba ile unakatiwa wapi. Muda uliopotea hapo ndio uliotosha moto kutoka kwenye jiko kwenda kwenye kabati la ukutani, na kutoka kwenye kabati kupanda darini. Mlango ulivunjwa, kijana mmoja akaingia amejifunga kitambaa kilicholowa puani, akaipata swichi ukumbini, akakata umeme. Ndipo maji yakaanza kufanya kazi. Jiko lote liliteketea, dari ya sebule ikaanguka, na magodoro na nguo zilizosalia zilitupwa kwa sababu ule moshi haukutoka hata baada ya kufuliwa. Yule kijana alilazwa. Mwali haukumgusa popote. Moshi wa plastiki ulimtosha.

Mama mwenyewe alifika akikimbia bila viatu. Kwa muda mrefu baada ya siku ile alikuwa akirudia maneno yale yale: "Lakini jiko nililizima." Na hakuwa akidanganya. Aliipua sufuria, aliliona jiko limepoa, aliona kitaa hakiwaki. Kila alichokitazama kilimwambia jiko limezimwa. Kitufe peke yake ndicho kilichokuwa kwenye namba, na kitufe hakuna aliyekitazama.

Kwa hiyo umeme ukikatika, kabla hata hujatafuta tochi, rudisha vitufe vyote kwenye sifuri, kisha chomoa plagi au zima swichi ya jiko iliyo ukutani. Usiulize jiko kama umeme umerudi. Acha taa moja ya chumbani ikiwa imewashwa, hiyo ndiyo itakayokuambia. Jiko lisigeuzwe meza, hata likiwa limepoa, hata kwa dakika moja, hata kama nyumba ni ndogo na huna pa kuweka beseni. Weka beseni chini. Funguo za akiba ziwe kwa jirani unayemwamini. Kila mtu wa nyumbani, pamoja na msichana au kijana wa kazi na watoto waliofikia kimo cha kuifikia, aonyeshwe mainswichi na aizime kwa mkono wake mwenyewe mara moja ili aijue. Vyeti, hati na dawa za kila siku viwe kwenye mfuko mmoja unaonyakulika. Na ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, toka nje uangalie. Afadhali ukute ni taka kweli.

Jiko la mkaa na la kuni nalo hudanganya. Juu unaona majivu meupe yametulia, chini yake makaa yanaishi mpaka alfajiri. Moto mkubwa wa London wa Septemba 1666 ulianzia kwa mwoka mikate aitwaye Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane, na yeye alishikilia kwamba tanuri lake alilikagua kabla ya kulala. Moto ule uliwaka siku nne na kuteketeza nyumba zipatazo 13,200. Mwagia majivu maji, koroga, mwagia tena, halafu yaache nje kwenye chombo cha bati mbali na ukuta. Usiyatie kwenye pipa la plastiki. Wala usiingize jiko la mkaa chumbani kupasha joto usiku, hata kama mkaa umeshika vizuri na hautoi moshi, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke.

Jiko la mafuta ya taa lizime na lipoe ndipo uongeze mafuta.

Mtu akiungua, peleka sehemu ile chini ya maji ya bomba yaliyopoa, si barafu, kwa dakika 20. Vua pete, saa na bangili kabla hajavimba. Usipake dawa ya meno, mafuta, asali wala yai. Funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, nenda hospitali. Nguo zikishika moto mtu asikimbie: asimame, ajilaze, abiringike huku amefunika uso. Na moto ukikuzidi, toka, funga mlango wa jikoni nyuma yako ili uucheleweshe, kisha upige simu ukiwa nje. Usirudi kufuata pochi.

Tena jiko si peke yake. Pasi iliyoachwa imelala, hita ya maji kwenye ndoo, mshumaa juu ya kabati, dawa ya mbu ya kuchoma karibu na chandarua, plagi nne kwenye soketi moja inayopata joto, chaja ya simu chini ya mto, vyote vipitie. Mkiwa wengi nyumbani, kubalianeni nani anakagua jikoni kabla ya kulala, kwa sababu kazi ya wote kwa kawaida haifanywi na yeyote. Mgeni aliyelala kwako naye mwonyeshe jiko lako linavyozimwa, maana la kwake huenda linazungushwa upande mwingine. Namba ya zimamoto ya mahali unapoishi iandike kwa kalamu nene ukutani karibu na mlango, si ndani ya simu tu, simu inaweza kuwa ndiyo iliyobaki jikoni.