Ukiwa mkalimani wa askari wa kofia za buluu

Nimewatafsiria askari wa MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, vijijini, upande wa Beni, Kivu Kaskazini, mashariki mwa nchi. Kama umeajiriwa juzi na kesho unapanda gari la doria, haya ndiyo ningependa kuambiwa siku yangu ya kwanza.

Anza na afisa mkiwa bado kambini. Vikosi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo luteni uliye naye huenda hana hata mwezi mmoja nchini. Mwambie avue miwani ya jua akifika kwenye barza, yaani mkutano wa kijiji, asalimie kabla ya kuuliza lolote, na amtazame shefu wa kijiji, asikutazame wewe. Aseme maneno machache, anyamaze, utafsiri. Wewe simama kando, nusu hatua nyuma yao. Shefu akisema "nimechoka", nawe sema "nimechoka". Ukianza na "anasema kwamba", mazungumzo yanakuwa yako.

Kuwa mwangalifu sana na saa. Mzee mmoja alituambia wenye silaha wangevuka mto saa mbili usiku. Kichwa kimechoka, nikatafsiri "mbili" vilevile, na luteni akaandika 02:00 kwenye daftari lake. Doria ilifika mtoni saa nane za usiku, saa sita nzima baada ya watu wale kupita. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nauliza, "Jua lilikuwa limezama? Kuku walikuwa wamelala?" kisha ndipo nataja saa ya kizungu, na namtazama afisa akiandika. Umbali pia una mitego yake. "Ni hapo tu" inaweza kuwa saa tatu za miguu. Uliza: ukitoka sasa hivi, utafika kabla ya mchana?

Watu wakisema "wale wa porini", usiwape jina. Eneo hili lina ADF, waasi wenye asili ya Uganda, lina makundi ya Mai-Mai, wanamgambo wa kienyeji, na mara nyingine ni wezi tu. Uliza walivaa nini, waliongea lugha gani, walielekea wapi. Jina likitoka kinywani mwako kwanza, kijiji kizima kitalikubali, na kesho litakuwa kwenye ripoti.

Halafu kuna hasira. Mama mmoja aliniambia mbele ya watu wote: "Mko hapa tangu 1999, na sisi bado tunazika." Nililainisha, nikasema ana wasiwasi kuhusu usalama. Afisa akatabasamu kwa heshima. Watu wakaliona lile tabasamu, na barza ikavunjika kwa matusi. Maneno makali yafikishe kama yalivyo. Afisa ana wajibu wa kuwalinda raia hawa, hivyo ana haki ya kujua wanamwonaje. Waliokuwepo wakati wa maandamano ya kuipinga MONUSCO ya Julai 2022, Goma na Butembo, wanajua hasira isiyosikilizwa hufika wapi.

Jambo ninalokusihi zaidi ni hili: usimruhusu askari amuulize mtu, mbele ya wenzake, amewaona wapi wenye silaha. Doria itaondoka jioni, yeye atalala palepale. Waulize wote maswali yaleyale ya kawaida, shamba, soko, njia ya shule, kisha waachie namba ya simu ya tahadhari. Mwenye neno atapiga. Jina lake lisiandikwe daftarini. Luteni akisisitiza, kataa kwa upole, na mkirudi kambini mweleze mkuu wake. Nimewahi kukataa, na sikufukuzwa.

Wanawake mara nyingi hukaa nyuma kabisa, na ndio wanaokwenda shambani alfajiri. Mwombe shefu ruhusa ukae nao, ikiwezekana pamoja na askari wa kike. Kaa chini walipokaa, vua helmeti ikiwa mkuu wa doria ameruhusu, na usitoe daftari.

Kabla ya kuondoka, msomee shefu yale ambayo afisa ameandika kutoka kwake. Atasahihisha kitu.