Tangi la pikapu linavuja: mambo ya kuzingatia kabla ya kulishusha

Gari ya kupakia samaki au mwani mbichi huoza tangi mapema kuliko nyingine. Maji ya bahari huchuruzika kutoka kwenye bodi hadi kwenye chesisi, yakatuama pale mikanda ya chuma inapolibana tangi, na chini ya mpira wa mkanda kutu hula bila ya kuonekana. Tone likionekana leo, chuma kimeshakuwa chembamba zamani. Usikwaruze wala usigonge tangi likiwa na mafuta: tobo la sindano litageuka tobo la kidole.

Kwanza jua kinachovuja ni nini, maana tangi husingiziwa sana. Mafuta hufuata chuma na kudondokea pahala pa chini kabisa, mbali na yalikotokea. Injini ikiwa imepoa, osha uvungu kwa maji na sabuni, kausha, kisha paka unga wa chaki kwenye mishono, maungio na mipira. Palipolowa mwanzo ndipo penyewe. Ikivuja baada ya kujaza tu, tobo liko juu: mpira wa kujazia, mpira wa kupumulia, au gasketi ya geji (kipimo cha mafuta kilichofungwa kwenye tangi). Ikivuja injini inapowaka tu, fuata paipu na mipira ya mafuta, hasa zinaposhikwa na klipu kwenye chesisi, kwani chumvi hukaa hapo pia. Ikidondoka usiku kucha gari imesimama, tazama nati ya kutolea mafuta, mshono wa tangi na chini ya mikanda. Dizeli huacha utando mweusi ulioshika vumbi. Petroli hukauka haraka, kwa hiyo itafute alfajiri kabla ya jua kupanda.

Sasa pahala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujaa kwenye shimo la gereji, mtaroni au ndani ya banda. Huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse mchana wa kaskazi. Hulipuka ukiwa kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa, na ndiyo sababu tangi lililobakiwa na mafuta kidogo ni hatari kuliko lililojaa: ndani yake hewa na mvuke vimeshachanganyika. Fanya kazi uwanjani penye upepo, si chini ya dari. Seredani, jenereta na fundi wa kuchomea wawe mbali, mita 15 au zaidi, tena upande upepo unakotoka. Weka karibu mtungi wa poda wa kuzimia moto wa kilo 6 na ndoo mbili za mchanga. Maji huisambaza petroli inayowaka. Tochi iwashwe kabla ya kuingia uvunguni, na taa ya globu isikaribie kabisa, kwani tone moja likiipata ikiwa moto, kioo hupasuka.

Beseni la chuma la kukingia si jambo la hiari. Sehemu kubwa ya ardhi yetu Zanzibar ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji tunayokunywa hutoka chini yake. Kilichomwagika uani kina njia fupi ya kufika kisimani.

Lita 40 za petroli zina uzito wa karibu kilo 30, kwa hiyo litoe tangi likiwa tupu. Tumia nati ya chini au pampu ya mkono. Usivute kwa mdomo, kwani petroli ikiingia mapafuni huleta maradhi mabaya. Dumu liwe chini ardhini linapojazwa, si juu ya bodi ya gari, ili umeme tuli usiruke cheche. Gari ya petroli yenye sindano (injekta) huhifadhi msukumo wa mafuta kwenye paipu: toa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka ijizime, ndipo uchomoe waya hasi wa betri. Ukianza na betri, huna tena njia ya kuiwasha.

Vipuri viwe mkononi kabla, zaidi kwa aliye Pemba, maana gasketi ikikosekana Chake Chake gari hubaki juu ya stendi ikisubiri meli. Nunua gasketi ya geji, washa (ringi bapa) mpya ya nati, klipu mpya, na mpira wa mafuta ulioandikwa alama ya daraja lake, 30R7, au 30R9 kwa gari ya sindano. Mpira wa maji ya rejeta huvimba na kupasuka ukipitisha petroli, na silikoni ya kawaida hulegea. Skrubu za geji zimwagie dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi. Ikikatika moja, usiikate kwa grainda.

Sabuni ya mche iliyokandamizwa kwenye tobo hushika, kwa kuwa petroli haiiyeyushi, ila mvua moja huiondoa. Itumie kufika gereji tu. Epoksi ya chuma hudumu ikiwa tangi ni tupu na kavu, limepigwa msasa namba 80 hadi chuma cheupe, limefutwa kwa thina, na epoksi ikishapakwa ikaachwa saa 24. Kuzunguka tobo kukibonyea kwa kidole, epoksi haina pa kushika; tafuta tangi jingine.

Kuchomea ni kazi ya mwenye kuijua peke yake. Kuliosha tangi na kulianika siku mbili hakutoshi, kwa sababu mafuta hujificha ndani ya kutu na mishono, yakipashwa moto hutoa mvuke upya, dizeli pia. Kulijaza moshi wa ekzosi nako si kinga. Muulize fundi atalisafisha vipi: alitie mvuke wa maji, kisha alijaze maji hadi karibu na tobo, mdomo ukiwa wazi. Akijibu kwamba harufu imeshatoka, chukua tangi lako uondoke.