Kano inayozeeka ndani ya kompyuta, kwa akili ya mkonge

Ukitaka kuigiza kwenye kompyuta jinsi tishu laini za mwili zinavyochakaa, usianze na goti. Wanafunzi wangu hapa Tanga hulikimbilia kwa sababu nyumbani kila bibi analalamikia magoti. Lakini gegedu la goti, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, limejaa maji, na maji hayo yakibanwa hutoka, yakiachiwa hurudi. Hesabu zake zitakukwamisha kabla hujauona uzee wenyewe. Anza na kano ya kisigino, ule ukano unaounganisha msuli wa ndama ya mguu na mfupa wa kisigino. Huvutwa kwa mwelekeo mmoja, na kompyuta mpakato ya kawaida inaiweza.

Nafundisha fizikia, ila nimekulia kambi ya mkonge kule Muheza, kwa hiyo kano kwangu ni kamba ya singa: nyuzi nyingine zimekaza, nyingine zimelegea zikisubiri zamu yao. Wala sipambi maneno. Hesabu hii ya fungu la nyuzi zinazogawana mzigo ilianzia kweli kwenye nyuzi: F. T. Peirce aliitumia mwaka 1926 kwa uzi wa pamba, na H. E. Daniels akaiendeleza kihisabati mwaka 1945.

Fungua Python, lugha ya programu, pakia NumPy, maktaba yake ya hesabu, tengeneza nyuzi 1,000. Kila uzi upe namba mbili za nasibu. Ya kwanza ni ulegevu, kati ya 0 na asilimia 2 ya urefu, maana kano ina mawimbi madogo yanayonyooka kabla haijakaza. Ya pili ni kikomo, yaani mkazo (nguvu kwa eneo) ambao uzi hauwezi kuuvuka. Kitoe kwenye mgawanyo wa Weibull, mgawanyo wa nasibu unaotumika kwa uimara wa vitu, wenye umbo la 8, wastani megapaskali (kipimo cha mkazo) 100 hivi. Ukakamavu wa nyuzi zote, yaani ugumu wao wa kuvutika, uwe gigapaskali 1. Usithubutu kuzipa zote ulegevu na kikomo kimoja cha wastani! Zitakatika siku moja, na huo si uzee, ni ajali.

Mzigo uwe megapaskali 30 kwa eneo la kano nzima. Kila mwezi wa modeli, tafuta kano imevutika kiasi gani hadi nyuzi zilizo hai ziubebe mzigo huo. Uzi uliolegea bado haubebi kitu; uliokaza, mkazo wake ni mvutiko wa kano ukitoa ulegevu, mara ukakamavu. Kuupata mvutiko huo, shika 0 na asilimia 15, jaribu katikati, tupa nusu isiyofaa, rudia.

Kisha uchovu. Kila uzi una hesabu yake, inaanza na 0. Gawa mkazo wa uzi kwa kikomo chake, pandisha kwa kipeo cha 8, zidisha kwa kigezo c, jumlisha. Ikifika 1 uzi umekatika, na wenzake wanaupokea mzigo. Kanuni hii ya kujumlisha aliieneza M. A. Miner mwaka 1945, akiwaza ndege, si visigino. Anza na c ya 1, uirekebishe hadi kano idumu umri wa mtu.

Ukarabati ndio unaonifurahisha. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walifuatilia kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakakuta kiini cha kano ya kisigino karibu hakifanywi upya baada ya miaka 17 hivi. Basi hadi mwezi wa 204, yaani miaka 17, punguza uchovu na urudishe nyuzi zilizokatika. Baada ya hapo, sifuri.

Chora idadi ya nyuzi zilizo hai. Zitapungua taratibu miaka mingi, halafu zitaporomoka kwa mkupuo. Mchoro ukishuka sawasawa hadi mwisho, huenda unaugawa mzigo kwa nyuzi 1,000 za mwanzo badala ya zilizobaki. Rudia kwa nasibu nyingine, halafu tumia nusu mwezi badala ya mwezi, na uchovu wa kila hatua uwe nusu. Jibu likihama sana, hatua zako ni kubwa mno. Na hifadhi matokeo njiani, umeme wetu unajulikana.

Ikikubali, mtwishe mtu wa modeli yako magunia ya bandarini, yaani ongeza mzigo. Mkazo wa uzi ukipanda kwa asilimia 20, kipeo cha 8 kinazidisha uchovu wa kila mwezi zaidi ya mara 4.