Jembe la theluji kwenye gari la volti 24: waya wa mota unatoka betri ipi?

Fundi aliyekulia kwenye Fuso na Scania anaujua mchezo huu. Gari ni la volti 24, dereva anataka redio ya volti 12, basi utingo anadonoa waya kwenye betri moja na muziki unaanza. Redio inakula umeme kidogo, kwa hiyo kosa linasameheka kwa muda. Jembe la theluji, yaani bamba la chuma linalofungwa mbele ya gari kusukuma theluji barabarani, huinuliwa na silinda ya mafuta yanayosukumwa na pampu yenye mota ya umeme, na mota hiyo haisamehi. Ikiinua jembe inakaribia ampea 100, na silinda ikifika mwisho huku kidole bado kimekandamiza swichi, inaweza kupita 200.

Gari langu hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ni Chevrolet M1008, pikapu ya jeshi la Marekani ya miaka ya 1984 hadi 1987, yenye dizeli ya lita 6.2. Ina betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, ndipo inapatikana 24), na alteneta mbili, kila moja na betri yake. Starta inatumia 24, ila taa na vitu vingi vingine vinatumia 12. Mota niliyofunga ni ya volti 12, kama zilivyo nyingi za majembe ya pikapu.

Hatua ya 1: Itafute betri ya chini

Zima gari. Ncha nyeusi ya mita ya kupimia volti iguse chuma kitupu cha chesisi, nyekundu iguse chanya ya kila betri kwa zamu. Inayosoma kama 12.6 ndiyo betri ya chini, yaani hasi yake imeshikwa kwenye bodi. Inayosoma kama 25 ndiyo ya juu. Usiniulize ni ya mbele au ya nyuma. Magari haya yamepita mikono mingi na kila fundi aliacha alama yake. Amini mita.

Mtego uko hapa: betri ya juu ukiipima kutoka chanya yake hadi hasi yake, nayo inasoma 12.6. Ndipo niliponaswa majira yangu ya kwanza ya baridi. Nilichukua chanya ya betri ya juu, mota ikapata ethi yake (njia ya umeme kurudi kwenye hasi) kupitia chuma, ikala volti 24. Jembe liliruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Nilifurahi sana. Mara ya nne moshi ukatoka chini ya boneti, na mota ikawa ya kutupa.

Usije ukajiona mjanja ukachukua chanya na hasi zote mbili kwenye betri ya juu. Kwenye pampu nyingi, ganda la mota ndilo ethi, na limefungwa kwa bolti kwenye chesisi. Hasi ya betri ya juu ni sehemu ileile ya chanya ya betri ya chini. Ukiipeleka kwenye ganda, umeishoti betri ya chini moja kwa moja. Spana itayeyuka, na betri inaweza kupasuka usoni mwako.

Hatua ya 2: Kata umeme

Vua saa na pete. Anza kufungua hasi inayokwenda kwenye bodi, kisha waya unaounganisha betri mbili.

Hatua ya 3: Kebo nene, kwenda na kurudi

Tumia shaba ya milimita za mraba 35. Kwa mita mbili kwenda na mbili kurudi, kwenye ampea 200 utapoteza kama volti 0.4. Ukibania pesa ukaweka ya 16, hasara inakaribia volti 0.9, na kebo inapata moto.

Chanya inatoka kwenye chanya ya betri ya chini, inapita fyuzi ya bolti ya ampea 250 ya aina inayochelewa kukatika, ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana. Wapo wanaofunga bila fyuzi. Mimi nimeona kebo iliyosagwa na ukingo wa chuma, siwaigi.

Hasi irudi kwa kebo yake hadi hasi ya betri ya chini. Usitegemee bolti za fremu ya jembe, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani huku inakula kila mgusano wa chuma. Lagi, yaani vichwa vya shaba vya mwisho wa kebo, zibanwe kwa koleo la haidroliki, zivishwe mpira wa kusinyaa kwa moto, kisha grisi.

Hatua ya 4: Solenoidi na swichi

Solenoidi ni swichi kubwa inayofungwa kwa umeme mdogo wa swichi ya dereva. Chagua ya volti 12 yenye terminali nne: mbili kubwa za kebo ya chanya ya mota, mbili ndogo za koili. Waya wa swichi utoke upande wa volti 12 wa boksi la fyuzi, kwa fyuzi ya ampea 10, baada ya ufunguo, ili mtoto asiinue jembe gari likiwa limezimwa. Pima waya huo kabla ya kuunga. Kwenye gari hili baadhi ya waya zina 24.

Hatua ya 5: Rudisha umeme na upime kazi

Rudisha waya kati ya betri, hasi ya bodi iwe ya mwisho. Washa injini. Betri ya chini isome karibu 14, na zote mbili pamoja karibu 28. Kisha inua jembe hadi mwisho, shikilia sekunde mbili tu, na usome volti kwenye mota yenyewe. Nikiona chini ya 10, narudi kuangalia lagi na ethi kabla ya kuilaumu pampu. Rudia kipimo siku ya baridi kali, kwa maana kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri mafuta yanakuwa mazito na betri inalegea.

Kwa wenye lori lenye alteneta moja ya volti 24: msifuate hatua hizi. Betri ya chini itakuwa inanyonywa bila kujazwa sawasawa, na ya juu itachemka kwa kuchajiwa kupita kiasi. Tafuteni mota ya volti 24. Kwa kazi ileile itakula takriban nusu ya ampea, na kebo mtakayonunua itakuwa nyembamba zaidi.