Nyundo Isiyodunda: Namna ya Kuichagua na Kuitumia Karakanani

Fundi anapogonga chuma kwa nyundo ya kawaida, kichwa cha nyundo hudunda mara tu kinapogusa kazi. Pigo la namna hiyo hudumu muda mfupi mno, kwa hiyo nguvu yake yote hutua kwa kishindo kikali kinachobonyeza uso wa kazi, na mshtuko wake humrudia fundi kwenye kiwiko. Baya zaidi ni kwamba kipande kilichogongwa huweza kuruka na kuhama pale pale kilipokusudiwa kutulia. Nyundo isiyodunda, ambayo madukani huulizwa kwa jina la dedblo, iliundwa kwa ajili ya tatizo hilo, na kila karakana ya magari, ya mitambo au ya samani inapaswa kuwa nayo angalau moja.

Kichwa chake kina uwazi ndani, na uwazi huo umejazwa gololi ndogo za chuma au, katika nyundo za bei ya chini, mchanga, lakini haukujazwa hadi juu. Kichwa kinapofika kwenye kazi na kutaka kurudi nyuma, gololi ambazo bado zinasonga mbele hugonga ukuta wa mbele kwa ndani na kukizuia. Hivyo msukumo hudumu kwa muda mrefu zaidi, kishindo hupungua, na nyundo hubaki imelala juu ya kazi. Ni nyundo ya kusukuma vitu vikae au vitoke. Si ya kuvunja wala ya kupigilia.

Hatua ya kwanza: angalia kitakachopokea pigo

Mafundi wengi huanza kwa kuuliza ukubwa wa nyundo, ilhali swali la kwanza ni uso gani utakaogongwa. Kwa alumini, shaba, chuma kilichokwisha kunyooshwa kwa mashine, mbao zilizopigwa msasa na sehemu zilizopakwa rangi, chagua nyundo iliyofunikwa yote kwa poliuretani, aina ya plastiki ngumu, kuanzia kichwa hadi mpini. Poliuretani haiachi alama kwa urahisi, na huvumilia mafuta na grisi ya gereji vizuri zaidi kuliko mpira wa kawaida. Kwa kazi za mashine zinazohitaji uthabiti zaidi, ipo nyundo yenye kichwa cha chuma na nyuso mbili za kufungua na kubadilisha, ambazo huweza kuwa za nailoni, shaba nyekundu au shaba ya njano. Hiyo ni ghali zaidi, lakini uso ukichakaa hununui nyundo nyingine. Aina ya tatu ina nyuso za chuma kitupu, na inafaa pale tu ambapo alama si tatizo, kama vile kunyoosha mabano ya fremu au kutoa pini nene kwa kutumia kipande cha chuma kinachowekwa kati ya nyundo na pini.

Hatua ya pili: chagua uzito

Nyundo ya karibu gramu 450 inatosha kwa kuunganisha samani na kurekebisha vipande vidogo kwenye jiliwa, yaani kibanio cha kushikia kazi. Ya gramu 900 hivi ndiyo ninayomshauri anayenunua moja tu, kwa sababu hufanya kazi nyingi za gereji bila kuchosha mkono. Kuanzia kilo 1.3 hadi 1.8 ni kwa magari makubwa, habu (vitovu vya magurudumu) zilizoshikwa na kutu na mitambo ya shambani. Ukijikuta unalazimika kuinua mkono juu ya bega ili kazi isogee, nyundo yako ni nyepesi mno. Chukua nzito zaidi na upige taratibu, maana pigo fupi la nyundo nzito huelekezwa kwa usahihi ambao pigo refu la nyundo nyepesi haliwezi kuufikia.

Hatua ya tatu: ikague kabla ya kulipa

Itikise karibu na sikio: gololi zinapaswa kusikika zikitembea kwa uhuru. Kisha igonge kidogo kwenye sakafu ya zege. Nyundo nzuri hutua na kubaki hapo. Ikirudi juu kama nyundo ya mpira, iache dukani. Chunguza pia mshono wa kichwa, pale mpini unapoingia, kwa kuwa ndipo ufa huanzia.

Hatua ya nne: kuketisha kipande kwenye jiliwa

Hapa ndipo nyundo hii huonyesha thamani yake yote. Kipande cha chuma kinapofungwa kwenye jiliwa la mashine ya kuchonga, taya linalotembea huelekea kukiinua kidogo, na kipande kilichoinuka upande mmoja hutoka mashineni kikiwa hakina usawa.

Safisha kwanza jiliwa na kipande, usiache hata unyoya mmoja wa chuma. Panga chini yake vyuma viwili sambamba vyenye kimo kilekile, weka kipande juu yake, kisha kaza jiliwa kiasi cha kushika imara. Gonga kipande kwa nyundo isiyodunda juu ya kila chuma sambamba, kwa mapigo machache ya wastani. Baada ya hapo jaribu kusogeza kila chuma kwa kidole. Kisiposogea, kipande kimeketi; kikisogea, gonga tena upande huo. Usikaze jiliwa zaidi baada ya kugonga, kwa sababu utakiinua tena na kazi yote itakuwa bure.

Hatua ya tano: kutoa ngoma ya breki iliyong'ang'ania

Zuia magurudumu yanayobaki chini, inua gari, liweke juu ya stendi imara, wala usitegemee jeki pekee. Toa gurudumu na uachie breki ya mkono. Ngoma iliyotumika muda mrefu huwa na ukingo wa ndani unaonasa viatu vya breki, kwa hiyo legeza kwanza ajasta, yaani kifaa kinachosogeza viatu karibu na ngoma au mbali nayo. Nyundo yoyote haitasaidia ikiwa viatu vimeushika ukingo huo.

Tia mafuta ya kulegeza kutu kidogo pale ngoma inapokutana na habu, ukiyaepusha na viatu, na uyape muda wa kupenya. Kisha gonga uso bapa wa ngoma katikati ya bolti za gurudumu, ukiizungusha ngoma kidogo baada ya kila pigo ili kutu ivunjike pande zote. Usizigonge bolti zenyewe. Ngoma nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi kwa ajili ya bolti za kusukumia. Zikaze kwa zamu, robo mzunguko kila moja, huku ukiendelea kugonga. Ngoma ni ya chuma cha kalibu, ambacho hupasuka kuliko kupinda, na hiyo ndiyo sababu ya kuacha nyundo ya chuma kando. Vumbi la ndani lifute kwa kitambaa kilicholowa. Usilipulize kwa hewa, kwa kuwa viatu vya zamani huweza kuwa na asbestosi.

Kwa beringi, kanuni ni moja tu na haina msamaha: usiigonge moja kwa moja. Tumia kipande cha bomba kinachokaa sawasawa kwenye pete ya ndani unapoiingiza kwenye shafti, au pete ya nje unapoiingiza kwenye nyumba yake, na nyundo igonge bomba. Pigo likipitia kwenye gololi za beringi, huacha vishimo kwenye njia yake, na beringi mpya huanza kulia mapema.

Seremala ataitumia kufunga ndimi na matundu baada ya kupaka gundi. Apige karibu na kiungo, abadilishe pande, na kwa mbao laini aweke kibao cha ziada juu ya kazi.

Hatua ya sita: ilinde nyundo yenyewe

Usipigilie misumari kwa nyundo ya poliuretani, na usigonge kwenye ncha kali wala chuma kilichotoka kuchomelewa, kwa kuwa joto huilainisha. Vaa miwani ya kinga hata kwa mapigo madogo, hasa kutu inapotoka. Baada ya kazi, futa grisi, na usiianike juani kwa siku nyingi. Ukiona ufa, au gololi moja ikidondoka, iondoe kazini siku hiyohiyo. Usiizibe kwa gundi, kwa sababu kichwa kilichopasuka kinaweza kumwaga gololi zake zote katika pigo linalofuata, zikielekea usoni mwako au kwenye mashine inayozunguka. Nyuso za kubadilisha zikizidi kutanuka kingo, zipunguze kwa tupa, na ufunge mpya kabla ya nyuzi zake kuharibika.